Kabla ya Kuamini Kipimo cha h: Namna ya Kusoma Machapisho ya Mtafiti wa Mikrobiolojia

Wasifu umefika mezani. Chini ya jina na shahada kuna mstari mmoja wa herufi nzito: makala 140, zimenukuliwa mara 9,800, kipimo cha h ni 42. Labda wewe ni mjumbe wa kamati ya ajira. Labda ni mwanafunzi unayetafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu, au mwandishi wa habari uliyeambiwa kwamba huyu ndiye bingwa wa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa vyovyote vile, mstari ule haujakuambia mtu huyu amegundua nini, wala ni nani anayekitumia alichokigundua. Hayo mawili ndiyo ya kutafutwa. Njia ya kuyapata ni ndefu kidogo, ila si ngumu: unahitaji kompyuta, intaneti, jedwali la Excel na asubuhi moja isiyo na vikao.

Nimemchukua mtafiti wa mikrobiolojia, yaani wa bakteria, virusi, kuvu na jamaa zao, kwa sababu fani hiyo ina mitego yake ambayo fomu ya kupandia cheo haina nafasi ya kuiandika.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kufungua kompyuta

Sentensi moja inatosha. "Je, huyu anaweza kuendesha maabara ya kifua kikuu peke yake?" ni swali tofauti na "Je, wanafunzi wake humaliza na kuchapisha?" Kila swali lina safu yake katika rekodi. Asiyeandika swali huishia kulinganisha namba na namba, kisha anampa kazi mwenye namba kubwa.

Hatua ya 2: Hakikisha ni mtu mmoja, na ni yule yule

Hapa ndipo kazi nyingi za Afrika Mashariki huharibika mapema. Kanzidata za kisayansi zilijengwa na watu ambao kwao kila mtu ana jina la ukoo, na jina hilo ndilo la mwisho. Mzanzibari aitwaye Ali Juma Hamad hana jina la ukoo kwa maana hiyo. Juma ni baba yake na Hamad ni babu yake. Makala moja itamworodhesha kama Hamad AJ, nyingine Juma A, ya tatu Ali JH, na mashine itawahesabu kuwa ni watu watatu, kila mmoja na kipimo chake kidogo cha h. Kwa Wachaga tatizo limegeuka: ukiandika "Mushi J" au "Massawe A" unaweza kumpata daktari wa binadamu, mtaalamu wa mifugo na mchumi, wote wamerundikwa pamoja. Mwanamke aliyebadilisha jina alipoolewa huweza kupoteza nusu ya kazi zake za ujana.

Dawa ya kwanza ni namba ya ORCID. Ni utambulisho wa tarakimu 16 ambao mtafiti hujisajilia bure. Mfumo huo umekuwapo tangu 2012 na majarida mengi sasa huomba namba hiyo makala inapotumwa. Ukiikuta kwenye wasifu, anza nayo. Usipoikuta, tumia akili ya kawaida na uangalie vitu vitatu: taasisi iliyoandikwa chini ya jina, waandishi wenzake wanaojirudia, na kimelea kinachosomwa. Mtu aliyesoma kipindupindu kwa miaka kumi haamki siku moja akaandika kuhusu bei ya korosho. Ukiona makala ya namna hiyo kwenye orodha yake, weka alama ya kuuliza, usifute bado.

Hatua ya 3: Vuta orodha kutoka sehemu zaidi ya moja

Google Scholar ni bure na hukusanya karibu kila kitu: makala za majarida, tasnifu, ripoti, sura za vitabu, hata maandiko ya awali ambayo hayajahakikiwa. Kwa hiyo namba zake karibu siku zote ni kubwa kuliko za kwingine. Ukurasa wa mtafiti huko husimamiwa na mtafiti mwenyewe, na mashine inaweza kumwongezea kazi za jina linalofanana bila yeye kujua, au akijua na kunyamaza. Scopus, mali ya kampuni ya Elsevier, na Web of Science ya Clarivate huchagua majarida ya kuingiza, na huhitaji malipo. Uliza maktaba ya chuo kabla ya kukata tamaa. Web of Science ina ukoo mrefu, kwani chanzo chake ni faharisi ya kunukuliana iliyotolewa na Eugene Garfield na taasisi yake huko Philadelphia mwaka 1964. PubMed ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ni bure na ni safi kwa masuala ya tiba na vijidudu. Itumie kuthibitisha kwamba makala ipo kweli. Usiitegemee kwa hesabu ya nukuu.

Majarida yetu yana shida ya pekee. Mengi yako kwenye AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza 1998, lakini si yote yaliyopokewa na Scopus au Web of Science. Mtafiti aliyechapisha kazi nzuri juu ya kimeta au brusela katika jarida la nyumbani, ili maafisa mifugo waisome, anaweza kuonekana mtupu huko ng'ambo. Kwa hiyo chukua Google Scholar kwa upana, chukua Scopus au Web of Science kwa ukali, kisha uandike juu ya jedwali lako chanzo gani umekitumia na tarehe gani. Namba isiyo na chanzo wala tarehe haina thamani, kwa sababu kesho itakuwa nyingine.

Hatua ya 4: Tenganisha aina za machapisho

Ongeza safu moja kwenye jedwali na uiite "aina". Utafiti wa awali, mapitio ya tafiti za wengine, taarifa ya mgonjwa mmoja, barua kwa mhariri, muhtasari wa mkutano, andiko la awali: kila makala ipate lebo yake. Mapitio hunukuliwa sana kuliko utafiti wa awali kwa sababu ni njia ya mkato kwa anayeandika utangulizi wa makala yake. Si kosa kuandika mapitio, ila mtu mwenye mapitio kumi na tafiti mbili ni msomaji mzuri zaidi kuliko mtafiti.

Mikrobiolojia ina aina moja ambayo wajumbe wa kamati kutoka fani nyingine huipita bila kujua. Ni tangazo fupi la jenomu: umesoma mfuatano wa DNA wa bakteria fulani, umeuweka kwenye hifadhi ya wazi, unatoa taarifa ya ukurasa mmoja au miwili. Jumuiya ya Mikrobiolojia ya Marekani ilianzisha jarida la matangazo ya namna hiyo mwaka 2013, na tangu 2018 linaitwa Microbiology Resource Announcements. Ni huduma nzuri kwa sayansi. Lakini matangazo 20 hayalingani na tafiti 20 zilizochukua miaka mitatu mitatu vijijini, na kwenye orodha ya kawaida yote huonekana sawa.

Tazama pia makala za mbinu. Makala iliyonukuliwa kuliko zote katika historia ya sayansi ni ya mwaka 1951 ya Oliver Lowry na wenzake kuhusu kupima kiasi cha protini. Imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Ulrich Laemmli alichapisha katika Nature mwaka 1970 makala juu ya namna kichwa cha kirusi T4, kinachoshambulia bakteria, kinavyoundwa. Imenukuliwa zaidi ya mara 200,000, na wengi wa walioinukuu hawana habari na kichwa cha T4. Wanachotaka ni njia aliyoitumia kutenganisha protini kwenye jeli. Wote wawili walistahili sifa. Hata hivyo, hakuna anayeweza kusema Lowry ana umuhimu mara mia wa mtu aliyegundua kimelea kipya, na huo ndio mpaka wa hesabu hizi.

Hatua ya 5: Tafuta jina lake liko wapi katika orodha ya waandishi

Katika sayansi za uhai, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kwa mikono yake: aliyekusanya sampuli, akaotesha, akachambua, akaandika rasimu. Wa mwisho ni mkuu wa maabara au kiongozi wa mradi. Walio katikati walichangia, lakini huwezi kujua kwa kiasi gani mpaka usome aya fupi ya michango ya waandishi ambayo majarida mengi huiweka mwishoni, penye herufi za mwanzo za majina. Weka safu nyingine: K kwa wa kwanza, M kwa wa mwisho, T kwa wa kati. Zingatia alama ndogo inayoonyesha waandishi wawili waliochangia sawa. Kijana anatakiwa kuwa na K nyingi. Profesa anatakiwa kuwa na M nyingi, na majina ya wanafunzi wake yawe kwenye K. Profesa mwenye T tupu ana maswali ya kujibu.

Lakini nafasi ya jina nayo inaweza kudanganya, na mfano ulio wazi kuliko yote uko hapa jirani. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule. Miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kufika alikuwa Mkongo, Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, aliyekuwa amerudi nyumbani miaka michache tu baada ya kupata uzamivu wake Leuven, Ubelgiji. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, akaondoka Yambuku na mtawa mgonjwa hadi Kinshasa, na damu ikapelekwa Antwerp. Machi 1977 jarida la The Lancet lilitoa makala tatu za kutangaza kirusi kipya, ambacho ndicho Ebola: moja kutoka Antwerp, moja kutoka Porton Down nchini Uingereza, moja kutoka Atlanta nchini Marekani. Katika orodha za waandishi wa makala zote tatu, jina la Muyembe halimo. Ripoti kubwa ya mlipuko ule, yenye hesabu ya wagonjwa 318 na vifo 280, ilitoka 1978 katika taarifa ya Shirika la Afya Duniani chini ya jina la tume ya kimataifa. Ukimpima kwa rekodi ya miaka ile, utasema hakuwapo.

Sasa soma rekodi hiyo hiyo kwa kwenda mbele. Baada ya mlipuko wa Ebola wa 1995 katika mji wa Kikwit, ilitoka mwaka 1999 makala ndogo ya kundi la madaktari wa Kongo: wagonjwa 8 wa Ebola walipewa damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Jina la mwisho katika orodha ni Muyembe-Tamfum. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, na baadhi ya walioinukuu waliinukuu kwa kuitilia shaka, kwa haki kabisa. Hata hivyo wazo halikufa. Kutokana na damu ya mtu aliyenusurika Kikwit watafiti walipata kingamwili iliyoitwa mAb114, na Muyembe yumo kati ya waandishi wa kazi hiyo. Kisha Ebola ikaingia Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ambako lilifanyika jaribio la tiba. Jaribio hilo, lililoitwa PALM, lilihusisha wagonjwa 681. Waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, walikufa karibu nusu, asilimia 49.7, waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35.1, na waliopewa dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, asilimia 33.5. Makala ilitoka katika The New England Journal of Medicine mwaka 2019, na mwandishi wa kwanza ni daktari Mkongo, Sabue Mulangu.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu unaonyesha kitu ambacho jedwali halitakuonyesha lenyewe. Ukimchunguza mtafiti wa ukanda wetu, uliza pia ni makala zipi alistahili kuwamo na hakuwekwa. Sampuli zilitoka wapi? Nani aliyezikusanya? Ukikuta utafiti wa vimelea vya Mwanza au Kisumu ambao waandishi wa kwanza na wa mwisho wote wako ng'ambo, na majina ya huku yamebanwa katikati, hilo ni jambo la kuandikwa kwenye tathmini yako, si la kumhukumia aliyebanwa.

Hatua ya 6: Hesabu kipimo cha h kwa mkono wako

Kipimo hiki kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Maana yake ni nyepesi: mtu ana h ya 7 ikiwa makala zake 7 zimenukuliwa angalau mara 7 kila moja, na hana 8 zilizonukuliwa angalau mara 8. Mashine hukuhesabia, lakini ukifanya mara moja kwa mkono hutatishwa tena na namba hiyo.

Chukua mtafiti wa kubuni mwenye makala 11. Zipange kutoka iliyonukuliwa zaidi kushuka chini: 210, 64, 31, 18, 12, 9, 7, 6, 4, 2, 0. Hesabu ukiteremka. Ya tano ina 12, ya sita ina 9, ya saba ina 7, bado inatosha. Ya nane ina 6, haitoshi. Basi h ni 7. Jumla ya nukuu ni 363. Google Scholar itaongeza kipimo chake cha i10, yaani idadi ya makala zilizonukuliwa mara 10 au zaidi. Hapa ni 5.

Sasa fungua ile ya 210. Tuseme ni kazi ya muungano wa nchi 30 yenye waandishi mia mbili, na mtu wetu ni wa themanini na tatu. Iondoe uone. Jumla inaporomoka kutoka 363 hadi 153, zaidi ya nusu imekwenda, lakini h inashuka kutoka 7 hadi 6 tu. Hapo umeona uzuri na ubaya wa kipimo cha Hirsch kwa pamoja: hakiyumbishwi na makala moja kubwa, lakini pia hakimpi chochote cha ziada mtu ambaye makala yake moja imebadilisha tiba ya dunia nzima. Tena hakishuki kwa kupita kwa miaka. Mtafiti aliyeacha maabara miaka kumi iliyopita, hata aliyekwisha kufariki, h yake inaweza kuendelea kupanda. Ndiyo maana hupaswi kuitaja bila kutaja mwaka wa makala yake ya kwanza.

Kabla ya kuondoka hatua hii, toa nukuu za kujinukuu mwenyewe. Scopus na Web of Science zote zina uwezo wa kuziondoa. Kujinukuu kiasi ni halali, maana utafiti hujengwa juu ya utafiti wa jana. Pengo likiwa kubwa mno, andika.

Hatua ya 7: Mlinganishe na walio kama yeye

Usimweke mtaalamu wa bakteria wa udongo wa mashamba ya mihogo kwenye mzani mmoja na mtaalamu wa virusi vya korona. Fani kubwa yenye watafiti wengi huzaa nukuu nyingi, na waliochapisha kuhusu UVIKO-19 mwaka 2020 walipata nukuu ambazo hawakuwa wamewahi kuziona. Ukichora mstari wa nukuu zake kwa mwaka, ukaona mlima mmoja mwaka 2021 na bonde kabla na baada, unajua ulikotoka. Tafuta watu watatu au wanne wa fani ndogo ile ile, walioanza kuchapisha miaka ile ile, katika taasisi zenye vifaa vinavyofanana. Mwenye maabara ambayo umeme hukatika na vitendanishi hukaa bandarini miezi miwili asilinganishwe na aliye Boston.

Hatua ya 8: Soma makala tano, na usome wanaozinukuu

Chagua tatu zilizonukuliwa zaidi ambazo yeye ni K au M, moja ya karibuni kabisa, na moja atakayoichagua yeye mwenyewe. Soma muhtasari, mbinu, na jedwali la matokeo. Kisha bofya idadi ya nukuu ya kila moja, ufungue makala kadhaa zilizoinukuu, utafute sentensi lilipotajwa jina lake. Je, wametumia matokeo yake kuamua jambo? Wamemtaja tu katika msururu wa majina kumi kwenye utangulizi? Au wanampinga?

Mfano ni Didier Raoult wa Marseille, Ufaransa, mwanamikrobiolojia mwenye machapisho zaidi ya 2,000, wingi ambao watafiti wachache sana duniani wanaukaribia. Machi 2020 kundi lake lilichapisha makala juu ya dawa ya haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Jarida liliipokea tarehe 16, likaikubali tarehe 17, na mmoja wa waandishi alikuwa mhariri mkuu wa jarida lenyewe, ingawa ilielezwa kwamba hakuhusika kuihakiki. Ukisoma mbinu zenyewe, badala ya namba, unakutana na hili: kati ya wagonjwa 26 waliopewa dawa, 6 hawakuingizwa kwenye matokeo ya mwisho. Watatu kati yao walikuwa wamehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi na mmoja alikuwa amefariki. Hesabu ilibaki na wagonjwa 36 kwa makundi yote mawili. Makala hiyo ilinukuliwa zaidi ya mara 3,000, na baadhi ya walioinukuu walikuwa wakieleza kasoro zake au wakijaribu kuirudia na kushindwa. Desemba 2024 ilibatilishwa rasmi. Kwa mashine, nukuu ya kusifu na nukuu ya kukosoa zote ni moja, na kubatilishwa hakuziondoi.

Kwa hiyo pitisha kila makala muhimu kwenye kanzidata ya Retraction Watch, ambayo ni bure, na utazame kama PubMed imeiwekea tangazo la masahihisho, la wasiwasi au la kubatilishwa. Usishtuke ukikuta sahihisho moja; mtafiti anayesahihisha kosa lake hadharani ni mtu wa kuaminika. Angalia picha pia. Mwaka 2016 mwanamikrobiolojia Elisabeth Bik na wenzake wawili walichapisha katika mBio matokeo ya kukagua kwa macho makala 20,621 za sayansi ya tiba: asilimia 3.8 zilikuwa na picha zenye mashaka, nyingi zikiwa picha ile ile iliyotumiwa mara mbili kwa majaribio tofauti. Huhitaji mashine kwa hilo. Tazama mistari ya jeli na sahani za petri, uone kama kuna mbili zilizo pacha mno.

Hatua ya 9: Majarida, kwa ufupi

Kipimo cha athari cha jarida hupima jarida. Jarida lililotoa makala 200 katika miaka miwili iliyopita, na makala hizo zikanukuliwa mara 600 mwaka huu, lina kipimo cha 3. Ndani yake zimo zilizonukuliwa mara hamsini na zilizonukuliwa mara sifuri, na huwezi kujua ya mtu wako ni ipi ila kwa kuitazama. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, maarufu kama DORA, lililotangazwa 2013, linasema wazi kwamba kipimo hicho kisitumiwe kumpima mtafiti mmoja mmoja.

Unachopaswa kuangalia ni kama jarida ni la kweli. Linaahidi kuhakiki kwa siku tatu? Linataka pesa kabla ya kusoma? Linachanganya mikrobiolojia, uhasibu na teolojia chini ya jalada moja? Angalia kama limo kwenye DOAJ, saraka ya majarida huria. Kijana kunaswa mara moja hutokea, tena mara nyingi kwa shinikizo la pointi za kupandia cheo. Profesa mwenye makala kumi na tano za namna hiyo amezipanga.

Hatua ya 10: Andika nusu ukurasa

Sentensi, si namba tupu. Kwa mfano wa kubuni: "Kati ya makala 58 tulizothibitisha kwa Scopus na PubMed tarehe 3 Machi 2025, 31 ni tafiti za awali, na katika 19 yeye ni wa kwanza au wa mwisho. Makala yake ya kwanza ni ya 2009. Kipimo cha h ni 16 bila kujinukuu. Wenzake watatu wa fani na umri huo wako kati ya 12 na 19. Kazi yake juu ya usugu wa bakteria wa njia ya mkojo imetumiwa na tafiti nyingine kupanga dozi. Wanafunzi wake wanne wamechapisha wakiwa waandishi wa kwanza. Hatukukuta makala iliyobatilishwa." Ongeza yasiyoonekana kwenye nukuu: mifuatano ya DNA aliyoiweka kwenye hifadhi ya GenBank, vimelea alivyokabidhi kwenye benki za kuhifadhia, mwongozo wa tiba wa wizara aliousaidia kuandika, maabara aliyoisimamisha.

Kisha, kabla nusu ukurasa huo haujafika kwenye kikao, mtumie mhusika orodha uliyoikusanya na umpe siku chache aisahihishe. Atakuongezea makala uliyoikosa na kukuondolea isiyo yake. Na kama mhusika ni wewe, usisubiri kamati: chagua leo namna moja ya kuandika jina lako, jisajili ORCID, na utumie namna hiyo hiyo kwenye kila makala utakayoituma kuanzia sasa.